Sura ya Sita: Mkimbiaji wa Makaburini

Ipo dasturi miongoni mwetu, watu wa mwambao na hata wa bara, ya kuupa kila umri kazi zake na michezo yake, ili mtoto acheze, barobaro ashindane, na mtu wa makamo akae barazani awahukumu wanaoshindana. Na mtu avukapo mpaka huo, akaonekana alfajiri amevaa bukta na raba akikata njia mbio, kitambi kikimtangulia na pumzi ikimfuata kwa mbali, watu humwuliza, kwa adabu au kwa dhihaka, anakimbizwa na nani. Mimi mwenyewe nimeulizwa na binti mmoja muuza vitumbua, ambaye kwanza aliniamkia, "Shikamoo, mzee," nami nikamwitikia marahaba, kisha akaitazama barabara nyuma yangu kuhakikisha kwamba hapana jambo, ndipo akasema, "Kwema huko utokako?" Nilimwambia ni kwema, nikaendelea, lakini swali lake lilistahili jibu refu kuliko lile.

Sitasema habari za siha. Kwamba mazoezi hushusha shinikizo la damu, humfaa mwenye sukari na kumletea usingizi aliyeukosa, ni mambo yanayojulikana, na tabibu yeyote aweza kuyaeleza kwa ufasaha kunizidi. Ninayetaka kumtetea ni mtu mwingine, asiye na tabibu wa kumwombea udhuru: mtu wa miaka 45 au 55 aliyekimbia ujanani, akaacha, na sasa amerudi si kwa ajili ya moyo wake bali kwa ajili ya mashindano yenyewe, atakaye kubandikwa namba kifuani na kupigiwa saa, na jioni aitazame orodha ya matokeo ili ajue nani kampita na yeye kampita nani. Huyu ndiye ahesabiwaye kuwa amekosa haya. Na shahidi wake bora nimjuaye ni Mwingereza mmoja aliyehamia Kanada, jina lake Ed Whitlock.

Whitlock alizaliwa mwaka 1931 katika viunga vya London, akasomea uhandisi wa migodi katika chuo kikuu cha mji huo, na wakati wa masomo alikuwa mkimbiaji mwenye jina miongoni mwa wanafunzi wenziwe. Alipohitimu, mapema katika miaka ya 1950, alivuka bahari kwenda Kanada kutafuta kazi ya machimbo, na huko mbio zikamtoka, si kwa azimio wala kwa nadhiri, bali kwa kuwa alikokwenda hapakuwa na mtu aliyekimbia, na kazi ikaja, na ndoa ikaja, na watoto wakaja, hata ikatimia miaka kama 20 bila ya yeye kushindana na mtu. Habari hii haina ugeni kwetu. Mtu aliyesoma shule Tanzania amekimbia mchakamchaka alfajiri akiimba, na wengi walipelekwa mashindano ya wilaya na ya mkoa, wakarudi na vikombe ambavyo huenda hadi leo vimo katika kabati la mwalimu mkuu. Waulize waliacha lini, hapana hata mmoja atakayekutajia siku, kwa maana hapana aliyeacha kwa kusudi: palikuwa na mtihani, kisha pakawa na ajira, kisha pakawa na kiti.

Alirudi alipopindukia miaka 40, na bahati ilimpokea, kwani miaka hiyo hiyo ndiyo ambayo riadha ya watu wazima ilikuwa ikiundwa duniani. Mashindano ya kwanza ya dunia ya wakongwe yalifanyika mwaka 1975 mjini Toronto, katika nchi ile ile aliyohamia, na tangu hapo ukaenea utaratibu ambao naona ni miongoni mwa mambo ya busara yaliyopata kubuniwa na watu wa michezo: kwamba kuanzia miaka 35 wanariadha wagawanywe kwa hirimu, kila hirimu miaka 5, na kila mmoja ashindane na wa kwake. Natija yake ni ya ajabu. Mtu wa miaka 49, aliye mkongwe kupita wote katika kundi lake na aliyechoka kuitazama migongo ya wenye 45, hulala usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa kwake akiwa shaibu na kuamka akiwa kijana wa kundi la 50. Nami sijui mahali pengine popote ambapo watu huungojea uzee kwa hamu kiasi hicho.

Hapo mwanzo Whitlock hakujishughulisha na masafa marefu, bali na mita 800 na mita 1500, mbio za watu wa kasi. Katika marathoni aliingizwa na mwanawe mdogo, kijana wa shule aliyejitia kukimbia kila siku na kisha akashikilia kwamba hapana budi akimbie kilomita 42 na mita 195. Baba, aliposhindwa kumkataza, aliona afadhali amfuate. Naam, wapo akina baba walioponzwa na watoto wao kwa mambo mabaya zaidi. Akiwa na miaka 48 aliimaliza marathoni kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 23, na huo ndio muda bora kupita wote aliopata maishani mwake kwa masafa hayo. Na haya ni ya mtu mwenye ajira, asiyelipwa senti kwa kukimbia.

Hapa yafaa tusimame kidogo tuutazame mwili wa mtu wa makamo, kwa maana wengi warudio huvunjika katika miezi ya kwanza, na aghalabu huvunjika kwa sababu moja. Wataalamu wamepima na kukuta kwamba uwezo wa mwili kutumia oksijeni, ambao ndio mtaji wa mkimbiaji wa masafa, hupungua kwa kadiri ya asilimia 10 kila miaka 10 baada ya ujana kwa mtu akaaye tu, na kwa karibu nusu ya kiasi hicho kwa yule asiyeacha mazoezi makali; kwamba mapigo ya juu kabisa ya moyo hushuka kwa takriban pigo moja kila mwaka; kwamba misuli hupungua, hasa ile ya kasi, na hatua hufupika hata pale ambapo idadi ya hatua kwa dakika haibadiliki. Hizo zote ni hasara, lakini sizo zinazomvunja mtu. Linalomvunja ni kwamba viungo havirudi pamoja. Moyo na damu huitikia mwito upesi, na baada ya wiki chache mtu hupanda bila taabu kilima ambacho mwezi uliopita kilimtoa ulimi. Ilhali kano, na hasa ule ukano mkubwa wa kisigino, pamoja na mifupa ya miundi na nyama za mashavu ya miguu, huhitaji miezi mingi kuimarika. Ni sawa na kutia mashine mpya katika jahazi ambalo mbao zake hazijatiwa kalafati: mwendo upo, bahari ni shwari, na maji yanaingia chini kwa chini.

Na juu ya hayo kuna adui mkubwa zaidi, naye ni kumbukumbu. Mwenye miaka 50 aliyekimbia kilomita 10 kwa dakika 34 alipokuwa na 22 haikumbuki ile taabu ndefu iliyomfikisha hapo. Huzikumbuka zile dakika 34 tu, na kila asubuhi hujipima kwazo, akaongeza mwendo siku ambayo ilimpasa atembee. Ndiyo maana mtu asiyewahi kukimbia kabisa, aanzapo katika umri huo, mara nyingi hudumu kuliko huyu bingwa wa zamani, kwani yeye hana deni na mtu.

Dawa aliyoitumia Whitlock dhidi ya kumbukumbu haikuwa na ladha. Katika mji mdogo wa Milton, jimbo la Ontario, karibu na nyumba yake, pana makaburi yaitwayo Evergreen, yenye njia ya kuzunguka isiyofika hata kilomita moja. Humo ndimo alimokuwa akikimbia, mzunguko baada ya mzunguko, siku baada ya siku, kwa muda wa saa 2 na, alipokuwa katika siku zake njema, saa 3, bila ya kuhesabu mizunguko, kwa mwendo wa pole ambao mpita njia asingedhani kuwa ni wa bingwa wa kitu chochote. Msomaji wa pwani, aliyelelewa apite makaburini kwa salamu na kwa staha, huenda akakunja uso. Nami niliukunja niliposoma habari hii kwa mara ya kwanza. Lakini sababu zake zilikuwa za mhandisi: magari hayamo, nyumbani ni karibu akishikwa na kiu au maumivu, na upepo mkali wa nchi ile, kwa kuwa njia ni ya mviringo, haumpigi mtu usoni kwa muda mrefu. Hakuwa na mwalimu, hakujinyoosha viungo, hakushika mlo wa pekee. Viatu vyake vya mashindano vilikuwa vikuukuu, vingine vyenye umri wa zaidi ya miaka 10. Magoti yake yalikuwa na baridi yabisi, na yalipomkataza alikaa kitako muda mrefu. Kisha alianza tena kwa dakika chache, akaongeza kidogo kidogo, hata akazifikia saa zake.

Na sasa nafika kwenye jambo linalonifanya nimpende mtu huyu. Walipomwendea watu wakitarajia kusikia hekima za uzeeni, kwamba kukimbia ni faragha ya roho, au ni mazungumzo na maumbile, aliwaeleza waziwazi kwamba mazoezi kwake ni adha, hayampi raha yoyote ya kutajika. Akipendacho ni kushindana, na kuvunja rekodi, na kusifiwa kidogo baada ya hapo. Nimewasoma wengi walioandika juu ya mbio, wala sikumbuki aliyekiri jambo hilo kwa wepesi kama yeye. Tumezoea kudhani kwamba mtu akikua, tamaa ya kushinda humtoka na busara humwingia, kana kwamba viwili hivyo haviwezi kukaa pamoja. Kwa Whitlock vilikaa. Busara yake yote aliiweka katika mazoezi, na humo alikuwa mnyenyekevu kupita kiasi, hana haraka wala hana wa kumwonyesha. Ghururi yake yote akaiweka siku ya mashindano, na siku hiyo hakumwonea haya mtu. Wengi wetu tunafanya kinyume chake. Mazoezini tunashindana na kila kijana atupitaye, hata mwenye baiskeli, na siku ya mashindano yenyewe, tukisimama penye mstari, tunawaambia jirani zetu kwamba tumekuja kujifurahisha tu.

Alipostaafu alijua kwamba hapana mtu aliyetimiza miaka 70 aliyepata kuimaliza marathoni chini ya saa 3, akalitia jambo hilo nia. Mwaka 2001, akiwa na miaka 70 barabara, aliukosa mpaka huo kwa chini ya nusu dakika. Mwenye kuijua marathoni anajua nusu dakika ni nini: ni kusimama mara moja penye kituo cha maji, ni kamba ya kiatu iliyofunguka. Ikafuata taabu ya majeraha, na ikamlazimu kungoja hadi Septemba 2003, mjini Toronto, alipomaliza kwa saa 2, dakika 59 na sekunde 10, naye ana miaka 72. Mwaka uliofuata, katika mji huo huo, akashuka hadi saa 2, dakika 54 na sekunde 48, akiwa na miaka 73. Huo ni mwendo wa dakika 4 na sekunde 9 hivi kwa kila kilomita, na asemaye kwamba ni mwendo wa kizee aende uwanjani akajaribu kilomita 3 tu kwa kasi hiyo. Vitabuni rekodi ile ya hirimu ya miaka 70 ilisimama hadi mwaka 2022, ilipovunjwa na Mholanzi Jo Schoonbroodt kwa tofauti ya sekunde 29, naye alikuwa na miaka 71, yaani mdogo kwa miaka 2 kuliko Whitlock alipoiweka.

Lakini kama ningepewa kuchagua siku moja ya kuwapo, ningeichagua tarehe 16 Oktoba 2011, siku ya marathoni ya Toronto, ile ipitayo kandokando ya ziwa. Mbele ya wote alishinda Mkenya Kenneth Mungara, mtu wa miaka 38, aliyekuwa kinyozi kabla ya mbio kumchukua katika umri ambao wakimbiaji wengine huanza kufikiria kustaafu, na ambaye mwaka 2015, huko Gold Coast nchini Australia, alikimbia saa 2, dakika 8 na sekunde 42 akiwa na miaka 41, muda ambao hadi siku hiyo mtu wa miaka 40 na zaidi alikuwa hajapata kuufikia. Nyuma yake kwa zaidi ya saa moja alifika Whitlock, miaka 80, kwa saa 3, dakika 15 na sekunde 54, rekodi ya dunia ya hirimu yake. Na nyuma zaidi, baada ya saa 8 na ushei, akafika Fauja Singh, Msikhi aliyehamia Uingereza kutoka Punjab, aliyeingia katika marathoni alipokaribia miaka 90 na ambaye siku hiyo, kwa hesabu ya jamaa zake, alikuwa na miaka 100. Wenye kitabu cha rekodi cha Guinness walikataa kumwandika, kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Na kwa hoja hiyo hiyo wangekataliwa mabibi na mababu zetu karibu wote, waliozaliwa mwaka wa nzige au mwaka wa mvua kubwa.

Patakuwa na msomaji atakayesema kwamba watu hawa wameumbwa hivyo, na habari zao hazimhusu mtu wa kawaida. Ana haki kwa sehemu. Whitlock alikuwa na mwili wa kilo 50 na ushei, ami yake mmoja aliishi zaidi ya miaka 100, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal waliompima uzeeni walistaajabia pumzi na misuli yake. Simleti hapa awe kipimo cha mtu. Nataka njia yake itazamwe, na njia haihitaji karama. Na kwa anayeamini kwamba bila ya kukimbia ujanani mlango umefungwa, yupo Priscilla Welch wa Uingereza, aliyekuwa mvutaji wa sigara na aliyeanza kukimbia akiwa na miaka 35 hivi: mwaka 1987, akiwa na miaka 42, aliikimbia marathoni ya London kwa saa 2, dakika 26 na sekunde 51, na mwaka huo huo akashinda marathoni ya New York mbele ya wanawake wote, si wa hirimu yake tu.

Nimemtaja mwanamke kwa kusudi. Mwanamume wa makamo akikimbia kwetu huchekwa. Mwanamke wa makamo huulizwa mumewe yuko wapi. Hata hivyo mambo yanageuka, na atembeleaye Dar es Salaam siku ya Jumamosi au Jumapili alfajiri atakutana na vikundi vya jogging, fulana za rangi moja, nyimbo za mchakamchaka zikipokezanwa, na katikati ya safu atawaona akina mama wenye wajukuu wakienda kwa mwendo ambao hauna papara wala hauna aibu. Vikundi hivi navipenda, na nina neno moja tu juu yavyo, kwamba vingi vinakimbia pasipo kupima: hapana saa, hapana masafa yajulikanayo, na kwa hiyo hapana mwanachama awezaye kujua kama mwaka huu ni bora kuliko mwaka jana. Furaha ya kuimba wanayo. Ile ya kushindana, ambayo ndiyo iliyomtoa yule mzee nyumbani katika baridi ya Kanada, bado wamejinyima.

Na ukumbi wa kushindania upo. Tangu mwaka 2003 mji wa Moshi una marathoni yake ya Kilimanjaro, ikimbiwayo mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, pamoja na nusu marathoni, ambayo kwa maoni yangu ndiyo imfaayo mtu wa makamo arudiaye, kwa sharti kwamba aijue vizuri. Njia hupanda kuelekea Mweka, kisha hurudi mjini kwa mteremko, na mgeni huiogopa ile nusu ya kupanda. Ajue kwamba kupanda huchosha, lakini mteremko ndio uvunjao, kwa sababu mtu ashukapo kwa kasi nyama za mapaja huvutwa na kubeba uzito kwa wakati mmoja, na nyama zilizopita miaka 45 haziponi upesi zikijeruhiwa. Afanye mazoezi ya kuteremka, taratibu, miezi kabla. Na akifika kileleni mwa njia siku yenyewe, asidanganywe na wepesi wa dakika za mwanzo.

Marathoni ya mwisho ya Whitlock ilikuwa Oktoba 2016, pale pale Toronto, alipokuwa na miaka 85: saa 3, dakika 56 na sekunde 34, na hapakuwa na mtu wa umri huo aliyepata kuikimbia chini ya saa 4 kabla yake. Alifariki dunia kwa saratani ya tezi dume mwezi Machi 2017, siku chache baada ya kutimiza miaka 86.

Kwa waandaaji wa mbio zetu, kutoka Tanga hadi Mwanza na kutoka Mombasa hadi Eldoret, wale ambao bado hutoa matokeo ya mshindi na wa pili na wa tatu kisha wakafunga daftari, ombi langu ni dogo: yagaweni matokeo kwa hirimu za miaka 5, wake kwa waume, na mtoe japo cheti cha karatasi kwa wa kwanza wa kila hirimu. Gharama yake ni ndogo, na italeta barabarani watu ambao kwa sasa hamwaoni. Nawe msomaji, uliyekuwa na kikombe katika kabati la shule, nenda kwanza kwa tabibu akupime moyo na damu. Kisha tembea, kisha kimbia pole kwa miezi mingi kuliko unavyotaka. Kisha jiandikishe mbio za kilomita 10, na pale fomu inapouliza umri, andika ule wa kweli, kwa kuwa ndio utakaokuweka kwenye kundi lako.